Risasi ya .308 kwa swala wa mbali, hivi ndo nilivyomaliza shida

Sisi tunaoongoza wawindaji wenye leseni huku nje ya hifadhi ya Ziwa Mburo, Uganda, tunajua swala pala akishashtuka anakaa mbali, mita 250 mpaka 300, na hapo ndo risasi zilikuwa zinatusumbua. Tulikuwa na risasi ya .308 (unene wake kwa inchi) ya greini 180 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi), kichwa chake kina ganda nene la shaba, nzuri sana kwa pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, ila kwa mwili mwembamba wa swala na kasi ishapungua haifunguki, yaani haitanuki ikigonga, inapita tu, tundu la kutokea dogo kama la kuingilia, mnyama anakimbilia kichakani anateseka, na hilo mi siwezi kulivumilia kabisa.

Nikahamia greini 150 yenye ganda laini, ncha ya plastiki na kitako kilichochongwa, inatoka mtutuni karibu mita 850 kwa sekunde. Skopu, yaani darubini ya bunduki, nikaiseti upya ipige palepale ninapolenga kwa mita 200, nikapiga karatasi kwa mita 300, risasi imeshuka sentimita 20 na kitu. Halafu jamani, kila bunduki ina risasi inayoipenda, chukueni boksi mojamoja za aina tofauti mjaribu kwanza kwenye karatasi. Sasa swala anaangukia palepale au anaenda hatua chache tu.