Wanja uligoma kutoka, nami nikagoma kusubiri

Aliyeniambia "sugua tu na sabuni, mbona unatoka" bado nina kesi naye.

Nilikuwa nimerudi kutoka shughulini usiku wa manane, machoni nina maskara, ile rangi ya kope, isiyotoka kwa maji na wanja wa maji unaojitapa kukaa saa 24. Nikajipaka sabuni, nikasugua kwa ncha ya taulo. Sabuni ikaingia jichoni. Nikapapasa bomba macho yamefumba, nikaangusha mswaki, nikasugua tena, safari hii kwa hasira. Nilipofumbua, wanja haukuwa umetoka, ulikuwa umehama: umeshuka kutoka kwenye kope hadi mashavuni. Kwenye taulo nikahesabu kope saba. Zangu, za kuzaliwa nazo! Asubuhi mtu akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Hebu fikiria: kitu kimejazwa nta makusudi kishinde jasho na machozi, kitaogopa maji ya bomba? Dawa yake ni mafuta. Nikanunua ile dawa ya kutolea vipodozi yenye tabaka mbili, mafuta juu, maji chini. Maandishi ya "tikisa kwanza" nikayapuuza, mimi mjuaji. Wiki nzima nikawa namimina mafuta matupu na kuona ukungu nusu saa nzima, halafu chupa ikabaki na maji yasiyofuta hata vumbi. Nikamlaumu muuzaji. (Mama, kama unasoma, nilimwomba radhi.)

Sasa natikisa, nalowesha pamba, naiweka juu ya jicho lililofumbwa na kuhesabu hadi 30 bila kuisogeza. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wakifika kumi mkono umeshaanza kuwasha. Subiri! Ngozi ya pale ni nyembamba kuliko popote mwilini, haitaki kuvutwa. Kisha navuta pamba kuelekea chini, mara moja, taratibu, nayo hubeba karibu kila kitu.

Mabaki yaliyojificha mizizini ndiyo yaliyonifanya nijione fundi. Nakunja pamba safi, naiweka chini ya kope za chini, nafumba jicho juu yake. Kope za juu zinalala pale kama juu ya mto. Halafu nachukua kijiti cha pamba kilicholoweshwa dawa na kukibingirisha kutoka mzizini hadi nchani. Nabingirisha tu, sisugui. Weusi wote unaangukia kwenye pamba ya chini, shavu halijui kilichotokea. Mwenye lenzi za machoni azitoe kwanza, na mwenye kope za kubandika akae mbali na mafuta, hula gundi.

Nikajiona nimemaliza shule. Ndipo nikabadilisha maskara, nikachukua ile inayouvika kila ukope ganda jembamba kama mrija. Mafuta, sekunde 30, hakuna kitu. Sekunde 60, hakuna kitu. Kwa kukata tamaa nikalowesha uso kwa maji ya uvuguvugu tu, nikabana kope kwa vidole na kuvuta kidogo. Zikaporomoka. Nyuzi nyeusi tele ndani ya sinki, nami nikapiga ukelele, kwisha, nimejinyonyoa zote! Nikaokota mmoja, nikausaga kwa kidole, ukawa kama ufutio wa penseli: kumbe ni maganda ya maskara tu. Kwenye kioo kope zangu zilikuwepo zote, pamoja na zile saba zilizokwisha kuota upya.