Siku moja maishani mwangu: fundi wa oili za matrekta ya zamani

Watu wakisikia kazi yangu ni kubadilisha oili za matrekta na mashine kuukuu wanaona ni kazi ya kufungua nati, kumwaga na kujaza, basi. Ngoja niwaelezee siku ya jana.

Saa 1 asubuhi nafungua, nafagia, napanga madumu. Injini zilizolala usiku mzima nazipenda, oili yote imeshuka kwenye sampu, yaani chombo cha oili chini ya injini, ukichomoa dipstiki unapata kipimo cha kweli. Oili nyeusi kwenye injini ya dizeli isikutishe, ni masizi, na kazi ya oili ni kuyabeba. Ikiwa ya rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka dizeli na kipimo kimepanda, kuna mahali mafuta yanavuja kuingia ndani.

Saa 2 mpaka saa 5: matrekta mawili na jenereta, oili ya injini ya uzito wa 15W-40, filta mpya, wakaenda zao.

Saa 5 na nusu anaingia kijana na Massey Ferguson 135, yenye Perkins ya dizeli ya silinda tatu. Mashine hizi zilianza kutengenezwa 1964, kwahiyo ina umri wa kuitwa babu. Anasema ikishapata moto geji ya presha inalala, anataka oili "nzito kuliko zote". Namuuliza mara ya mwisho uliweka nini? "Oili ya trekta." Ipi? "Fundi, si nimekwambia oili ya trekta, dumu lina picha ya trekta!" Namwambia nilione. Analishusha, nageuza nyuma nasoma maandishi madogo: UTTO.

Jamani. UTTO ni ya gia boksi, haidroliki na zile breki zinazozama kwenye oili. Kwenye injini haifai, haikutengenezwa kubeba masizi wala kuzima asidi inayotokana na kuungua kwa dizeli. Inayoingia kote, injini mpaka haidroliki, inaitwa STOU, na madumu yake yanafanana sana kwa nje. Kijana hataki kusikia, eti namtafutia gharama, anampigia baba yake ananipa simu. Shikamoo mzee. Marahaba fundi, sisi miaka yote tunaweka SAE 50, ile oili nzito, na injini haijafa, huyu ndo kaja na madumu ya picha.

Nikaanza upya, polepole, maana mzee ana haki ya kuelewa. Mzee wangu, presha kubwa kwenye geji sio lazima oili iwe imefika, wakati mwingine inapanda kwa sababu oili ni nzito inagoma kupita, na asubuhi ukipiga stata zile sekunde za mwanzo beringi zinasagana kavu. Ringi za pistoni zilizolika hazirudishwi na oili nzito, inaficha moshi kwa muda tu. Halafu angalia herufi za daraja la oili kwenye dumu, C ndo ya dizeli, S ya petroli: CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, zote zinamfaa huyu babu. FA-4 nayo ni ya dizeli lakini hapana, ni nyepesi, imetengenezewa injini mpya. Tumeongea mpaka sikio limepata moto. Mwisho akasema, haya fundi, fanya unavyojua.

Sijui ilikuwa saa 8 au 9 nilipolala chini yake. Niliiwasha kwanza ipate moto ndipo nikamwaga, na baada ya oili kuisha nikaingiza kidole kwenye tundu la sampu, kikatoka na matope meusi yanayonata kama grisi. Oili mpya yenye dawa ya kusafisha itayalegeza hayo yote na filta itajaa haraka, ndo maana nilimwambia hii ya kwanza tunaimwaga ikifika saa 50 za kazi, isisubiri zaidi. Mgongo umeshaanza kulia, nafungua na kisafisha hewa, kile cha bakuli la oili, nakuta kajaza mpaka ukingoni! Pale kuna alama, ukizidisha injini inavuta oili ndani inatoa moshi wa bluu, na watu wanailaumu ringi. Nikaosha, nikajaza mpaka kwenye mstari.

Jua linazama tunawasha. Nimeshika tochi kwenye geji, mshale ukapanda, tukaiacha ipate moto vizuri, ukashuka kidogo ukatulia. Kijana kanyamaza, anauangalia tu. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyefanya kazi hii.

Lile dumu la UTTO nimeliandika ubavuni kwa rangi nyeupe, HAIDROLIKI NA GIA TU, akalipakia. Nafuta spana za mwisho mikono haikunjiki, simu inaita, ni mzee: fundi, hizo saa hamsini naanza kuhesabu leo?

Leo hii mzee wangu.