Ninavyotumia kadi ya WIC bila kupoteza salio

WIC ni mpango wa serikali ya Marekani wa chakula kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wadogo, na salio lake halivuki mwezi. Usichochukua hadi kipindi kiishe kinafutika, kwa hiyo mimi hupiga hesabu ya aunsi nikiwa bado nyumbani, na risiti ya mara ya mwisho mkononi, maana salio lote limeandikwa pale.

Nafaka za asubuhi ndizo zinazopotea zaidi. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 hupewa aunsi 36 kwa mwezi. Ukichukua boksi la 12 na la 18, zinabaki 6, na boksi la 6 hulipati. Chukua mawili ya 18 au matatu ya 12. Matunda na mboga ni rahisi, kwani hupimwa kwa dola: mwaka wa fedha 2024 zilikuwa 26 kwa mtoto, 47 kwa mjamzito, 52 kwa anayenyonyesha. Mimi huzidisha kidogo makusudi na kulipa senti zilizozidi, salio liishe kabisa.

Kwa keshia, kadi ya WIC itangulie, ifuate ya SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula), pesa mwisho. SNAP ikitangulia italipia maziwa ambayo WIC ingeyalipa. Mashine ikikataa kitu, angalia saizi na aina kabla ya kubishana. Mtoto akishatimiza miaka 2, kwa kawaida maziwa yenye mafuta yote hayapiti tena.

Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga yanahitaji uangalifu zaidi. Mama anayechukua makopo yote anayostahili mtoto, chakula chake mwenyewe hukoma miezi 6 baada ya kujifungua. Anayenyonyesha tu huendelea hadi mwaka, na kwa fungu kubwa zaidi. Ukichanganya kunyonyesha na kopo, taja idadi ya makopo unayoyahitaji kweli. Usikubali mengi kwa sababu tu ni ya bure.

Kujiandikisha: kitambulisho, uthibitisho wa makazi na wa kipato, na mtoto mwenyewe, apimwe uzito, urefu na wingi wa damu. Mwenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au SNAP aje na barua yake. Kipato hakihesabiwi upya. Mimba nayo huhesabiwa mtu, hivyo mume, mke mjamzito na mtoto mmoja ni watu 4, na kikomo cha kipato kinapanda. Mkalimani ni bure, muombe unapopanga miadi. Ukihamia jimbo jingine, chukua cheti cha uthibitisho kabla ya kuondoka. Kliniki mpya itakipokea hadi muda wake uishe.