Ile "ahaa" ya Mzee Yona

Mama alifika Jumatano kwa SGR kutoka Morogoro, ofisini mkurugenzi mpya ameripoti, na wifi Sara ametolewa mahari kule Mpwapwa. Hayo nitayaandika siku nyingine, kwa sababu tangu Jumatatu nina "ahaa" ya Mzee Yona kifuani na haitaki kushuka.

Mnaojua ratiba yangu mnajua kwamba nikishakaa kwenye basi la watumishi, sindano zinatoka kabla hatujauacha mji. Jumatatu Mzee Yona wa masijala alikaa kiti cha pembeni yangu. Nilikuwa nafuma mgongo wa ile sweta ya kijani, ukingo wa chini umeshakaa vizuri. Aliitazama mikono yangu kitambo, akauliza:

"Ya nani hiyo, mama Baraka?"

"Ya kwangu mwenyewe, Mzee."

"Ukishaimaliza?"

"Naanza nyingine."

"Ahaa."

Akageukia dirishani. Hakusema tena mpaka tulipopita Ihumwa, na aliposema, ilikuwa habari za majalada ya likizo.

Angesema "unapoteza muda" ningemjibu pale pale, jibu la hilo ninalo. Angeuliza nauza bei gani, kama wanavyouliza wengi, pia ningemjibu. Lakini Mzee Yona hasemi ovyo. Ndiye aliyenipokea nilipohamishwa kutoka Dar, akanionyesha jalada linavyofunguliwa, linavyotoka na linavyorudi, bila kunifanya nijione sijui kitu. Mtu wa namna hiyo akikuuliza "ukishaimaliza?", kisha jibu lako akalipokea kwa "ahaa" tupu, swali unabaki nalo wewe. Jumanne nasonga ugali, nalisikia: ukishaimaliza? Naosha vyombo: naanza nyingine. Ilikuwa "ahaa" ya kunielewa, au ya mtu anayefunga jalada?

Jibu refu lingekuwa hili. Kazi ya masijala naipenda, lakini barua niliyoipeleka asubuhi inarudi jioni na maelekezo mengine, kesho yake inatoka tena. Mstari nilioufuma unakaa pale nilipouacha. Naanza na uzi mtupu na sindano mbili, kitanzi kinavutwa ndani ya kitanzi, mishono ya kawaida upande wa mbele, ya kinyume upande wa nyuma, na muda si muda kuna mkono wa sweta ambao haukuwepo duniani. Kroshia nimefundishwa na mama tangu mdogo, na vitambaa vya makochi vyote kule nyumbani ni kazi yetu mimi na yeye, lakini sindano mbili ndizo zilizonishika. Na Dodoma panafaa kwa hili. Tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai upepo wa alfajiri unapenya hata mlango uliofungwa. Wageni wanaokuja wakati wa Bunge la bajeti na shati jepesi la Dar, nawaonea huruma ya kweli.

Vishawishi vipo, na ni vikali. Kikubwa ni kuanza kazi mpya kabla ya ile ya zamani kwisha, kwa sababu uzi ambao haujaguswa bado unaweza kuwa sweta yoyote unayoitamani. Kingine kimejificha kwenye karatasi inayozunguka bonge la uzi. Kuna namba pale inayoonyesha ni mabonge gani yalitiwa rangi kwa pamoja. Mabonge mawili ya kijani yenye namba tofauti yanafanana kabisa dukani chini ya taa. Yafume kwenye nguo moja, toka nayo juani, utaona mahali yalipokutana. Kwa hiyo unanunua yote ya namba moja kwa wakati mmoja, pamoja na bonge la akiba, na hapo ndipo kabati linapojaa. Halafu saa tano usiku: mstari mmoja tu, nilale. Mstari mmoja haujawahi kuwa mmoja.

Jumamosi nikampeleka mama soko la Sabasaba, kwenye mitumba. Huko sufu halisi, ile ya manyoya ya kondoo, unaipata kwa hela ya kawaida, maana uzi mwingi wa madukani ni akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani kama plastiki. Unatafuta sweta nene, ya kiume ikiwezekana, unaigeuza ndani nje na kuangalia mishono ya ubavuni kabla hujaangalia rangi. Kama kitambaa kilikatwa kikapigwa ovaloki, iache. Kila mstari umekatwa pembeni, na ukiifumua utaambulia vipande vifupi vifupi. Lakini kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, kisha vikaunganishwa kwa mshono wa mnyororo, ukiipata ncha yenyewe mshono unafunguka wote, na kila kipande kinakupa uzi mrefu usiokatika. Mama akashika moja ya bluu iliyopauka, lebo imekatwa. Akanyofoa uzi kidogo kwenye pindo, akamwomba muuzaji kiberiti. Sufu ikiungua inatoa harufu ya nywele na majivu yake yanapukutika ukiyasugua. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Harufu ya nywele ikatoka. Mama akacheka mpaka wateja wengine wakageuka, tukailipia shilingi 4,000.

Jioni tukakaa uani, yeye anafumua, mimi nazungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Unatoka umejikunjakunja kwa mishono ya zamani. Ukishauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na kuutundika na kitu kizito kidogo chini yake, unakauka umenyooka. Maji ya moto hapana, wala usisugue, maana sufu itashikamana na hutaitenganisha tena. Hapo ndipo nikamsimulia mama habari ya basi, neno kwa neno. Hakuacha kuvuta.

"Huyo mzee wako anastaafu lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Enhee," akasema, akaendelea kufumua.

Mikono yangu ikasimama. Mzee Yona anatimiza miaka 60 mwezi wa tisa, masijala nzima tunajua, hata mchango wa kumuaga tumeshaanza kuukusanya. Labda hakuwa anauliza habari za sweta hata kidogo. Tangu jana naisikia "ahaa" ile kwa sauti nyingine, ya mtu aliyepewa habari aliyokuwa anaitafuta, kwamba unaweza kumaliza na ukaanza nyingine. Kesho nitakaa naye tena kwenye basi, na safari hii mimi ndiye nitakayeuliza. Hii sufu ya bluu inatosha sweta isiyo na mikono kwa mwili kama wake. Nimeshafuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 nihesabu mishono, na kimekaa vizuri mno. Ya kijani itasubiri.

Ila kinachoninyima usingizi usiku huu ni cheti cha Baraka. Matokeo ya kidato cha sita yanaweza kutoka wakati wowote, na maombi ya mkopo wa chuo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Leo tumekitoa kabatini, tukaona jina la baba yake limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lile lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Baraka mwenyewe yuko kambini, mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, simu hana. Baba yake anasema ni jambo dogo. Miaka yangu yote masijala, nimeona mafaili ya watu yakikaa mezani kwa muda mrefu kwa ajili ya herufi moja. Jumanne naomba ruhusa ya asubuhi niende nacho RITA, na kama watataka hati ya kiapo, sijui nani atasaini wakati baba mtu yuko safarini Singida mpaka Ijumaa.