Sekunde moja nukta nne

Kocha wa jezi nyeupe alikuwa keshatoka eneo la benchi lake na kusimama mbele ya meza ya saa, na mimi, refa wa mechi ile ya mpira wa kikapu, nilimuona. Nianzie hapo, maana mkasa huu ukisimuliwa barazani watu huanza na kijana anayebonyeza saa, na kijana wa saa hakuwa wa kwanza kukosea. Ilikuwa kazi yangu kumrudisha kocha yule kabla sijatoa mpira. Sikufanya hivyo. Magharibi ilikuwa inakaribia, nilitaka tumalize.

Kiwanja chenyewe ni cha wazi, sakafu ya saruji, upande wa Ng'ambo hapa mjini Unguja. Buluu 61, weupe 60. Weupe wanarusha mpira kutoka pembeni, upande unaoikabili meza, na saa inasoma sekunde 1.4. Saa yetu ni kompyuta iliyounganishwa na televisheni na spika. Ikifika sifuri honi hulia yenyewe. Zile taa nyekundu zinazozunguka ubao, ambazo kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwanga wake ndio unaofuatwa kuliko mlio wa honi, hatuna. Video ya marudio hatuna. Tuna macho, masikio, na mkono wa refa.

Mkono ndio kila kitu pale. Mpira unaporushwa ndani, saa haianzi mrushaji anapouachia. Inaanza unapomgusa mchezaji aliye ndani ya kiwanja. Refa anayesimamia mrusho huinua kiganja, na mpira ukiguswa anakishusha kama anayekata muwa. Mtunza saa anauangalia mkono ule, anabonyeza. Mimi niliushusha. Mchezaji wa weupe kaudaka, kamhadaa mlinzi kwa bega, kadunda mara moja, kadunda mara ya pili, karuka, karusha. Mpira ulipotoka kwenye vidole vyake, honi ikalia papo kwa papo. Ukaingia bila kugusa chuma.

Watu wakaruka ukuta. Mimi, katika hesabu yangu ya kimoyomoyo, nilikuwa nimeshapita sekunde mbili.

Kama ingekuwa miaka minane nyuma, ningekwenda mezani kwa mbio na kidole mbele. Nilifanya hivyo Pemba, mechi ya vijana, mara yangu ya kwanza kuwa muamuzi mkuu. Saa ilichelewa kuanza, nikamfokea mtunza saa mbele ya mabenchi yote mawili: "Umeianzisha au hukuianzisha?" Akaapa kuwa kaianzisha sawasawa. Nikakubali, kikapu kikahesabiwa, timu moja ikatolewa mashindanoni. Siku ya pili tukawa boti moja kurudi Unguja. Tulipokuwa katikati ya bahari, mimi nimeshika mfuko wa kutapikia, akanikalia karibu na kusema: "Kaka, jana niliogopa." Hakusema zaidi, wala mimi sikuwa na hali ya kumjibu.

Basi safari hii nikapuliza filimbi, nikawaonesha makocha wote wawili mabenchi yao, na nikasubiri mpaka wamekaa. Sikutoa ishara yoyote ya kikapu, si cha kuhesabiwa wala cha kufutwa. Hili watu hulidharau. Refa akishainua vidole kuonesha pointi, kila atakalolifanya baadaye litaonekana kama kabadili maneno kwa kuogopa mtu. Nikamwita mwenzangu aliyekuwa chini ya kapu, tukaenda mezani kwa kutembea.

Kijana wa saa ni mwanafunzi wa skuli, msimu wake wa kwanza. Uso umemtoka jasho. Nikachutama ili nisimsimamie kichwani, nikamuuliza: "Mwanangu, mpira uliporushwa, wewe ulikuwa unaona nini?"

Akasema: "Nilikuwa naona shati la kocha."

"Kisha?"

"Nikasikia mpira unadunda. Ndipo nikabonyeza."

Sikuhitaji zaidi ya hapo. Kama saa ilianza kwenye mdundo wa kwanza, basi sekunde 1.4 nzima zilitumika kuanzia mdundo ule hadi honi, na honi ililia mpira ukitoka mkononi. Muda wote kabla ya mdundo, yaani kuudaka, kugeuka na ile hadaa ya bega, ulikuwa wa bure. Nikamuuliza mwenzangu kando, bila kumwambia kijana kasema nini: mpira ulitoka lini? "Pamoja na honi." Alihadaa kabla ya kudunda? "Alihadaa, tena polepole." Nikamuuliza na muandishi wa karatasi ya mchezo, naye akasema vilevile. Hapo hatubishani tena juu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mtu huhitaji kama robo sekunde ili jicho lione na kidole kitii, na robo hiyo tunaisamehe kila siku. Nusu sekunde na zaidi haisameheki.

Wenzetu wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, robo sekunde ile iliwahi kuwasumbua. Januari 1990, Madison Square Garden, New York Knicks na Chicago Bulls, saa imebaki na sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Trent Tucker wa Knicks akadaka, akageuka, akatupia pointi tatu, na ikahesabiwa. Knicks wakashinda 109 kwa 106. Ndipo ikaandikwa kuwa chini ya sekunde 0.3 huwezi kudaka na kurusha. FIBA nao wana kipimo hichohicho: saa ikisoma 0.2 au 0.1, ni kuupiga mpira kofi ukiwa hewani au kuuchomeka kapuni moja kwa moja. Sheria nzuri, lakini inamfaa refa ambaye saa yake imeanza.

Na kuna fainali ya Olimpiki ya Munich, 1972, ambayo kila refa wa kikapu anaota nayo. Marekani 50, Sovieti 49, zimebaki sekunde tatu. Honi ikalia pasipo pake, meza ikavurugika, William Jones, Katibu Mkuu wa FIBA, akashuka kutoka jukwaani akionesha vidole vitatu. Sekunde zilezile zikachezwa, zikarudiwa, na kwa kuwa honi ililia saa ikiwa bado inarekebishwa, zikarudiwa tena, mpaka Belov wa Sovieti akadaka pasi ndefu ya mwenzake Edeshko na kufunga: 51 kwa 50. Wamarekani wakazikataa medali za fedha. Wengi hugombania nani alidhulumiwa. Mimi ninachokiona pale ni kuwa aliyeamua alitoka jukwaani. Na jioni ile Ng'ambo wazee watatu wenye vyeo vyao walikuwa wameshaanza kuja mezani. Nikawaomba kwa heshima warudi, mmoja wao ni rafiki wa marehemu baba yangu.

Kurudia mrusho hakukuwa na maana. Muda ulikwisha kihalali mpira ungali mkononi mwa mchezaji. Nikawaita makocha pamoja, nikawaambia mara moja kwa sauti ya kawaida: saa ilichelewa, mpira haukutoka kwa wakati, kikapu hakihesabiwi, mechi imekwisha 61 kwa 60. Yule kocha wa weupe akaniuliza nani aliichelewesha saa. Nikamjibu: "Wewe ulisimama mbele yake, na mimi sikukuondoa." Akanitazama kwa muda, kisha akacheka kicheko cha hasira.

Kilichobaki ni karatasi. Kosa la saa linaweza kurekebishwa mpaka muamuzi mkuu atie saini, kwa hivyo sikushika kalamu haraka. Nikamwita nahodha wa weupe, nikamueleza kuwa ana dakika 15 za kunijulisha kama timu yake inakata rufaa, na nikamuonesha pa kusaini. Makelele nyuma yake yalikuwa makubwa. Akaisoma karatasi, akamuuliza kijana wa saa, "Kweli ulisikia mdundo ndio ukabonyeza?" Kijana akatikisa kichwa kukubali. Nahodha akaniachia kalamu, akaenda kuvaa kandambili zake. Adhana ikaanza, kiwanja kikatulia kwa muda.

Kijana bado anakaa na saa. Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia kocha mmoja mtu mzima, sekunde tisa kabla ya mwisho: "Mzee, shikamoo. Naomba ukae, unanizibia mkono wa refa."

Mzee akaitikia marahaba, akakaa.