Nilivyotoa aironi ndefu mkobani na kuweka haibridi

Katika mkoba wangu wa gofu, aironi (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) zinaanzia namba 6. Namba 3, 4 na 5, zile ndefu, zimetoka, na badala yake zipo haibridi mbili (fimbo zilizo kati ya aironi na wudi, ile ya kichwa kinene): moja uso wake umelala nyuzi 22, nyingine nyuzi 25. Nilichagua kwa mita mpira unazofika, si kwa namba iliyochorwa kwenye soli (upande wa chini wa kichwa cha fimbo). Anayenunua kwa namba hujikuta na fimbo mbili zinazofika palepale, maana kampuni moja huita "4" fimbo ambayo nyingine ingeiita "3".

Nilipima asubuhi, kabla upepo wa Mlima Meru haujaanza. Mipira 10 kwa kila fimbo, mipira ya kuchezea na si ile iliyochakaa ya mazoezi. Mapigo mawili mabovu kabisa niliyaacha, nikachukua wastani wa pale mpira unapotua, bila kuhesabu kubingirika. Aironi 6 ilinipa mita 140, wudi namba 5 ikanipa 185. Pengo hilo la mita 45 lilitakiwa kujazwa na aironi tatu, lakini zote zilitua kati ya 150 na 158. Kwa mkono usio na kasi kubwa, kila uso wa fimbo unavyosimama wima ndivyo mpira unavyokosa kimo na mzunguko, hivyo unaanguka mapema. Haibridi ya nyuzi 25 ilifika 155, ya nyuzi 22 ikafika 170. Sasa kila hatua ni mita 15, na nafasi moja imebaki kwa weji (fimbo fupi ya mapigo ya karibu) ya ziada. Kikomo ni fimbo 14. Ukizidisha kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, adhabu ni mikwaju 2 kwa kila shimo, isiyozidi 4 kwa raundi.

Namba hizo ni za Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini yetu kwa takriban mita 500, hewa ni nzito kidogo, na pigo la 170 hupungua kama mita 3.

Kinachoifanya haibridi inyanyue mpira kirahisi ni kichwa. Uzito wake umekaa chini na nyuma, mbali na uso, kwa hiyo mpira unapanda bila kulazimishwa, na hata ukigonga pembeni ya uso hupotezi mita nyingi. Soli ni pana: wakati wa masika, aironi inapochimba kwenye udongo laini, haibridi huteleza. Kiangazi ni kinyume. Juu ya ardhi kavu isiyo na majani, soli hiyo hudunda na ukingo wa chini hupiga mpira tumboni. Hapo nausogeza mpira nyuma upana wa mpira mmoja na kupiga robo tatu.

Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kuiona inafanana na wudi, kisha akafagia. Haibridi hupigwa kama aironi, ikiwa bado inashuka: mpira kwanza, nyasi baadaye. Mpira ukae mbele kidogo ya katikati ya miguu, usifike kisigino cha kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia). Ukijaribu kuunyanyua, uzito unabaki mguu wa nyuma na unapata mpira wa kutambaa.

Kosa la pili si lako, ni la fimbo. Haibridi nyingi hukunja mpira kushoto, kwa sababu vichwa vyake vimeungwa ili mpini usimame wima zaidi, kumsaidia anayekata mpira kulia. Ukishika mpini chini kwa inchi 1 unapunguza tatizo. Lisipokwisha, angalia shafti (mpini wenyewe): herufi R (ugumu wa kawaida) kwa mwenye kasi kubwa ni laini mno, atafute S (ngumu zaidi).

Kwenye rafu (nyasi ndefu za pembeni) ya aina ya kikuyu, nyasi hujifunga kwenye shingo ya aironi na kuufunga uso. Kichwa cha haibridi cha mviringo hupasua njia. Lakini mpira ukizama kiasi cha kuona nusu yake tu, toka kwa weji, hakuna ujanja. Mwaka 2009, kwenye shimo la mwisho la mashindano makubwa ya PGA Championship pale Hazeltine, Marekani, Y. E. Yang wa Korea Kusini alipiga haibridi iliyosimama jirani na shimo, akamshinda Tiger Woods. Ule mpira haukuwa umezama.

Haibridi nyingi tunazipata zikiwa zimetumika, kwa hiyo ziangalie kabla ya kulipa. Tikisa kichwa: kikilia ndani, kuna gundi au kipande kimeachia. Tazama kipete cheusi cha plastiki juu ya shingo. Kikiwa kimepanda na kuacha mwanya, mara nyingi gundi ya shafti imeanza kuachia. Pitisha ukucha kwenye shafti karibu na shingo. Ufa ukikwama ukuchani, iache, kwani shafti ya grafiti iliyopasuka haizibiki.

Na usiiweke mbali ukifika karibu na grini (nyasi fupi sana zinazozunguka shimo). Mpira ukiwa hatua mbili nje, kwenye nyasi fupi, shika haibridi chini kabisa, simama karibu kama unaputi (unausukuma mpira ubingirike kuelekea shimo), vifundo vya mikono vitulie, sukuma. Mpira unaruka kidogo juu ya nyasi kisha unabingirika. Nguvu iwe pungufu kidogo kuliko ya kuputi umbali huohuo, maana uso wa haibridi huurusha mpira kama springi.