Uzoefu wangu: kuuficha uchawi ndani ya sadfa katika Chicago ya leo

Mchezaji akiniambia "namtupia moto", namuuliza kwanza: nani anaona, na leo jioni atawasimulia nini wa nyumbani kwake? Swali hilo ndilo lililonisaidia kuendesha Mage: The Ascension, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wenye uchawi, bila mabishano ya nusu saa kila mtu anapotaka kutumia uchawi. Mchezo wenyewe ulitoka 1993, na mezani kwangu tunatumia toleo la maadhimisho ya miaka 20, la 2015. Dunia yake ni hii hii yenye simu, polisi na bili za umeme. Uhalisia unashikiliwa na imani ya watu wa kawaida, ambao sisi tunawaita Waliolala. Ukifanya jambo ambalo wangeweza kulimeza kama bahati tu, hilo ni uchawi wa sadfa. Ukifanya lisilomezeka, ni uchawi wa wazi, na uhalisia unakurudi kwa adhabu iitwayo Paradoksi.

Neno "mchawi" tuliliacha mapema, maana kwa Kiswahili linamfanya kila mhusika aonekane mwanga anayeruka na ungo. Tunasema "mjuzi". Nyanja, yaani matawi ya uchawi, nazo tumezipa majina ya kwetu: Kani, Maada, Uhai, Akili, Wakati, Bahati na nyinginezo, jumla tisa.

Hesabu nazitaja mapema, kwa sababu mchezaji asiyezijua hatakubali kuhangaika na sadfa. Unarusha dadu za pande 10, idadi yake ikiwa sawa na Arete yako, yaani kipimo cha nguvu ya uchawi ya mhusika. Mhusika mpya anaishia 3. Ugumu ni ngazi ya Nyanja ya juu kabisa unayoitumia, ukiongeza 3 kwa sadfa, 4 kwa uchawi wa wazi usio na shahidi, 5 kwa wa wazi wenye shahidi. Kwa hiyo Kani ya ngazi ya 2 inakupa ugumu wa 5, 6 au 7. Tofauti ya mbili haitishi ukiisikia, lakini ihesabu. Kila dadu inayofikia ugumu ni fanikio moja; mezani kwetu kila 1 hufuta fanikio moja, na kazi ya kawaida inataka mafanikio mawili. Kwa dadu tatu, ugumu wa 5 unakupa nafasi ya asilimia 54 kuyapata. Ugumu wa 7 unakupa asilimia 30. Kuharibikiwa kabisa, yaani hakuna fanikio hata moja na angalau 1 imetoka, kunapanda kutoka karibu asilimia 4 hadi 9. Na hata ukifaulu kwa uchawi wa wazi, unaondoka na pointi 1 ya Paradoksi. Naziandika namba hizi kwenye kipande cha kadibodi na kukisimamisha katikati ya meza.

Sasa mfano. Ni Januari, katikati ya jiji, eneo la Loop. Wakati huo wa mwaka utakuta vibao kwenye njia za miguu vinavyoonya kwamba barafu inaweza kudondoka kutoka kwenye maghorofa. Mjuzi anafuatwa na watu wawili. Anatumia Bahati 1 kutafuta pande la barafu lenye ufa, kisha Kani 2 kulisukuma kidogo, vyote katika mrusho mmoja. Ngazi ya juu ni 2, ugumu 5. Mpita njia atasema "nilijua tu, vibao si vya bure", na mambo yameisha. Masharti yangu ni mawili. Barafu iwe ilikuwa imeshaning'inia kabla dadu hazijagusa meza, kwa hiyo nimeitaja mimi au mchezaji ameniuliza kama ipo. Na ukubwa wake uwe wa kawaida: pande la kumwangusha mtu linapita, la kuponda lori halipiti. Mrusho huo huo ukifanywa Julai ni uchawi wa wazi, ugumu 7 barabarani kukiwa na watu, hata mchezaji awe na maneno matamu kiasi gani.

Mahali penyewe panakufanyia nusu ya kazi ukipajua. Lower Wacker Drive, ile barabara inayopita chini ya barabara nyingine, inajulikana kwa kuvuruga ramani za simu. Mjuzi anayetaka gari linalomfuata lipotee njia hapohapo simtozi hata swali la pili. Akitaka lipotee barabara ya juu, mchana, anga likiwa wazi, aeleze vizuri.

Tatizo kubwa kuliko yote ni bomba la gesi. Kila meza ina mchezaji anayeamini kila kitu kinaweza kulipuka kwa sababu ya gesi. Dawa niliyoitumia: kisingizio kimoja, mara moja kwa kikao. Ukikirudia, ugumu unapanda 1. Mara ya tatu ni uchawi wa wazi, kwa sababu mtaa wenyewe umeshaanza kujiuliza. Tangu hapo watu walianza kutazama mazingira kabla ya kutazama karatasi zao.

Na uamuzi anatoa nani? Zamani niliamua mwenyewe na nikachukiwa. Sasa mchezaji anaeleza kwa sentensi moja tu, kisha namgeukia mwenzake ambaye mhusika wake hayupo pale na kumwambia: wewe ndiye mama unayesubiri treni, umeona nini? Akijibu "taa imeungua", ni sadfa. Akinyamaza na kukodoa macho, sote tumeshajua. Huchukua sekunde kumi, na asiye na zamu anabaki mchezoni.

Zana zinahitaji uangalifu kuliko wachezaji wanavyodhani. Mjuzi wa ngazi za chini hawezi kufanya kazi mikono mitupu; lazima atumie kitu kinacholingana na imani yake. Mmoja wetu alimtengeneza mhusika mwenye asili ya Mombasa anayefukiza ubani. Inapendeza sana kwenye karatasi. Lakini vyumba vya kupanga vina kengele za moshi darini, na ndani ya treni huwezi kuwasha kitu. Tulimbakizia ubani kwa kazi ndefu za nyumbani, ambako kuchukua muda zaidi kunapunguza ugumu kwa 1, tukamwongezea tasbihi ya barabarani. Shanga zinapita kidoleni ndani ya mfuko wa koti na hakuna anayeuliza. Ukiongeza Kwintesensi, yaani akiba ya nishati ya uchawi, kila pointi inashusha ugumu kwa 1, ila punguzo lote kwa jumla tunalikomesha kwenye 3.

Kamera nusura zinishinde. Tulikubaliana hivi: kamera isiyotazamwa na mtu si shahidi wakati wa mrusho. Mlinzi akiwa mbele ya skrini, au mtu akiwa anarusha mubashara kwa simu, ni shahidi. Picha iliyorekodiwa haibadilishi ugumu wa jana, lakini naihifadhi kwenye daftari, na mjuzi mwenye akili hurudi kuifuta kabla haijapata mtazamaji.

Paradoksi inapolipuka, narusha dadu moja kwa kila pointi aliyolimbikiza, ugumu 6, na mafanikio ndiyo ukubwa wa pigo. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhesabu majeraha tu, hata wachezaji wakaichukulia kama faini ya barabarani. Sasa pigo linafanana na kosa. Yule aliyelazimisha barafu Julai na mrusho ukaharibika, vidole vyake vilikufa ganzi mpaka alfajiri, na tasbihi ikawa haishikiki.